Kumfundisha Mtoto Kusoma Nyumbani kwa Njia ya Sauti

(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Shimanzi, Mombasa)



Halmashauri ya Chama imetutaka tuseme machache juu ya elimu ya watoto wadogo, nasi tumeipokea kazi hiyo kwa furaha na kwa hofu kidogo. Kwa furaha, kwa kuwa hakuna jambo lililo karibu zaidi na ustawi wa watu wetu; kwa hofu, kwa kuwa sisi si walimu. Sisi ni makarani, watu wa kalamu na daftari. Lakini huenda neno hili likafaa zaidi kusemwa na mtu asiye mwalimu, maana shabaha yetu leo ni kuonyesha ya kuwa kila mzazi ajuaye kusoma, hata kama ni kidogo, aweza kumfungulia mtoto wake mlango wa kusoma nyumbani, kwa robo saa kila jioni, bila ya kununua kitu cha thamani.

Kwanza na tuitazame hasara ya kutojua kusoma, kwa sababu mtu hatengenezi paa mpaka aone linavuja. Sisi wakaao Shimanzi twaishi katikati ya maghala, matangi ya mafuta na njia za reli, na kila kitu kipitacho hapa hupita na maandishi yake. Gunia lina maandishi, sanduku lina maandishi, ukuta wa ghala umeandikwa onyo la moto. Mkataba wa kazi ni maandishi, cheti cha dawa ni maandishi. Tena tangu mwaka 2007, ilipoanzishwa M-Pesa, hata fedha zetu zimekuwa maandishi ndani ya simu. Asiyejua kusoma humpa mtu mwingine simu yake amsomee, na pamoja na simu humpa namba yake ya siri, kisha hubaki akiomba Mungu kwamba aliyemsomea ni mwaminifu. Sisi tushikao kalamu tumewaona watu wazima, wenye akili na heshima zao, wakitia dole gumba katika karatasi ambazo yaliyomo wanayajua kwa kinywa cha mwingine tu. Mtu wa namna hiyo si mjinga hata kidogo. Ila amefungiwa mlango ambao ufunguo wake ni mdogo sana, na hakuna aliyempa alipokuwa mtoto.

Hapo yamkini mtu atasema, "Hayo yalikuwa ya zamani. Siku hizi watoto wote huenda shule." Ni kweli kwamba mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na watoto wengi mno wakaingia madarasani. Lakini kuingia darasani ni jambo moja, na kujua kusoma ni jambo jingine. Tangu mwaka 2009 wapimaji wa Uwezo walizunguka nyumba kwa nyumba katika Kenya, wakawapima watoto nyumbani kwao kwa ngazi: kwanza herufi au silabi, kisha neno, kisha aya, mwisho hadithi fupi. Katika ripoti zao za miaka ya kwanza walieleza ya kuwa katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, ni watatu tu walioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Basi saba walikuwa wamekaa madarasani, wamevaa sare, wameitikia mwalimu, na hadithi ile ikawashinda.

Hatusemi haya ili kuwalaumu walimu. Mwalimu mmoja mwenye watoto hamsini au sitini hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma, hata akiwa na moyo wa chuma. Serikali nazo hazikulala. Mwaka 2015 Kenya, kwa msaada wa Marekani, ilianza mpango wa Tusome katika shule za msingi za umma nchi nzima, ili kila mtoto wa madarasa ya chini apate kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza, na walimu wakafundishwa kuanza na sauti za herufi. Mwaka huo huo wenzetu wa Tanzania waliyapanga upya masomo ya darasa la kwanza na la pili, yakawa hasa ni kusoma, kuandika na kuhesabu, ndiyo waiitayo KKK. Nchi mbili jirani zilirudi katika msingi ule ule kwa wakati mmoja, na hapana shaka zilikuwa zimeona kwamba nyumba ilikuwa ikijengwa juu ya mchanga.

Lakini kuna kitu ambacho hakuna mpango wa serikali uwezao kukileta, nacho ni sikio la mtu mmoja likimsikiliza mtoto mmoja. Hicho kiko nyumbani.

Sasa tuseme maana ya njia ya sauti. Watoto wetu wengi, waingiapo shule za chekechea, hufundishwa kwanza kuimba majina ya herufi kwa Kiingereza: ei, bii, sii, dii. Mzazi husikia wimbo huo akafurahi, akasema mtoto amejua kusoma. Lakini jina la herufi si sauti yake. Mwambie mtoto aunganishe "bii" na "ei": atapata "bii-ei", wala hatapata "ba" hata akikesha. Mwambie aunganishe "em" na "ei", hataiona "ma". Basi afanyeje? Hukariri. Hulitazama neno zima kama mtu atazamavyo picha, au hulikumbuka kwa sababu mwenzake amelitaja kabla yake. Ukimfunulia ukurasa mwingine, amepotea. Kusoma hasa ni kuiona alama, kuitoa sauti yake, kuiunganisha na sauti ifuatayo, mpaka neno lisikike katika masikio ya msomaji mwenyewe. Ajuaye hivyo aweza kusoma hata neno ambalo hajapata kuliona.

Jambo hili si geni katika mwambao huu. Kabla ya shule za kizungu kujengwa, watoto wa Mombasa walikwenda chuoni, na huko hawakuishia kutaja alifu, be, te. Walifundishwa kila herufi pamoja na alama zake: ba, bi, bu, ta, ti, tu. Neno lenyewe la "irabu" tumelipata katika Kiarabu. Tena twasema hata leo ya kuwa mtu ameeleza jambo alifu kwa ujiti, yaani tangu mwanzo wake. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulikuta njia ile ile kwa herufi za Kirumi, ba, be, bi, bo, bu, ubaoni kwa chaki. Basi Mwislamu na Mkristo, katika jambo hili, walilelewa na mama mmoja.

Tena Kiswahili chetu kimetupa urahisi ambao mataifa mengi hawanao. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza kuyaandika maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na baada yake waandishi walikuwa na namna mbalimbali za kuandika. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika hapa hapa Mombasa, ukakubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ili kusimamia kazi hiyo. Matunda yake ni kwamba leo Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo. Irabu ni tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti moja popote ikaapo. Hati ya Kiarabu, pamoja na heshima yake yote, ilikuwa na alama tatu za irabu kwa irabu zetu tano, na msomaji ilimbidi akisie. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti zaidi ya 40, hata herufi a ina sauti moja katika "cat", nyingine katika "cake", na nyingine katika "call".

Tofauti hiyo imepimwa. Mwaka 2003 wataalamu wa Ulaya walitoa habari za watoto wa lugha 13 waliojifunza kusoma kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Watoto wa Finland, Ugiriki, Italia na Hispania, ambako maneno huandikwa kama yasemwavyo, walisoma sawasawa karibu maneno yote waliyowekewa. Watoto wa Scotland, wasomao kwa Kiingereza, walisoma kama theluthi moja tu. Wale wa Scotland hawakuwa na akili pungufu. Njia yao ilikuwa na mawe mengi. Kiswahili ni cha kundi la Finland na Italia. Mtoto wetu amewekewa njia ya lami mlangoni pake, nasi twamwambia apite porini kwanza.

Twajua neno hili litawaudhi baadhi ya wazazi, maana wengi huwapenda watoto wao waanze na Kiingereza, na hulipa karo kubwa kwa sababu hiyo. Hatukidharau Kiingereza, ndicho kinachotupatia mkate wetu ofisini. Lakini ufundi wa kusoma mtu hujifunza mara moja tu. Akiisha kujua kwamba alama ni sauti, na kwamba sauti huungana kuwa neno, atauchukua ufundi huo aende nao katika Kiingereza na lugha nyingine, kama mtu aliyejifunza kuogelea Mama Ngina awezavyo kuogelea Bamburi. Basi na auanze ufundi ule katika maji ambayo miguu yake yagusa chini, yaani katika lugha aisikiayo kila siku. Hata sera ya elimu ya Kenya, tangu miaka mingi, imetaka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapokaa, na mjini Mombasa lugha ya mahali ni Kiswahili.

Sasa tufikie kazi yenyewe. Tutaieleza hatua kwa hatua, ili kila mmoja aondoke na kitu mkononi.

Hatua ya kwanza ni ya sikio, wala haihitaji kitabu. Mtoto wa miaka minne au mitano na achezeshwe kwa sauti. Mwulize, "Neno gani laanza kama maji?" Atasema mama, au meza, au moto. Mpigie makofi kwa silabi: ma-ji, makofi mawili, sa-ma-ki, makofi matatu, Mo-mba-sa, matatu, Shi-ma-nzi, matatu, naye atacheka akisikia nzi mwishoni mwa jina la mtaa wake. Mchezo huu wachezwa wakati wa kuosha vyombo, au njiani kwenda dukani. Mtoto asiyesikia sauti ndani ya neno hataiona katika karatasi.

Hatua ya pili ni irabu tano. Juma zima liwe la irabu peke yake. Ziandike kubwa kubwa, kwa mkaa sakafuni, kwa kidole mchangani, au kwa kalamu juu ya kadi zilizokatwa katika sanduku la karatasi. Mtoto azione, azitamke, azifuatishe kwa kidole chake. Usimfundishe majina ya Kiingereza wakati huu. Zitaje kama zinavyolia katika Kiswahili.

Hatua ya tatu ni konsonanti, moja kwa juma moja, wala si zaidi. Anza na m, kwa sababu sauti yake huvutwa nayo midomo imefungwa, na mtoto huiona kinywani mwako. Usiseme "em", sema "mmm". Kisha iunganishe na irabu: mmm-a, ma, mmm-e, me, mi, mo, mu. Siku ya nne au ya tano utaona ajabu, maana kwa konsonanti hiyo moja mtoto aweza kusoma mama, mimi, mume na umeme. Juma lifuatalo mpe k, naye atasoma kaka, kuku, makaa na mkeka. Mpe t, atasoma taa, kiti, moto, mkate. Kisha l, n na s, na hapo atasoma kalamu, nanasi na samaki. Katika majuma sita ya konsonanti hizo amepata silabi thelathini, na aweza kusoma sentensi nzima: Mama ameketi. Kuku amelala. Kaka amekata nanasi. Hapana furaha nyumbani kama ya siku mtoto asomapo sentensi yake ya kwanza, naye akajua kwamba ameisoma, wala hakuikariri.

Hatua ya nne ni konsonanti zilizobaki, pamoja na zile ziandikwazo kwa herufi mbili lakini zina sauti moja: ch ya chai, sh ya Shimanzi, ny ya nyumba, dh ya dhahabu, gh ya ghala, th ya thelathini, kh ya kheri. Mwambie mtoto kwamba herufi hizo ni ndugu wawili waendao pamoja, na wakienda pamoja wana sauti yao moja. Usisahau ng' yenye alama yake, maana ng'ombe si sawa na ngoma, na alama ile ndogo ndiyo iwatengayo.

Hatua ya tano ni sauti zikutanazo: mb ya mbuzi, nd ya ndizi, nj ya njugu, ng ya ngazi, nz ya nzige, na mw, kw, bw, kama katika mwana, kweli na bwana. Hapa ndipo wengi hukwama, nasi twawasihi wazazi wawe na subira. Mtoto akisoma "mu-tu" mahali pa mtu, usimkaripie. Mtamkie polepole, m-tu, akusikie, arudie.

Sasa, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu, na tuhesabu. Konsonanti za Kiswahili, pamoja na zile za herufi mbili, ni kama 26. Kila moja ikiungana na irabu tano, silabi zote ni 130. Ukichukua konsonanti moja kwa juma, pamoja na juma la irabu, kazi nzima ni majuma 27, yaani miezi sita na siku chache. Ukitoa robo saa kwa siku, siku sita katika juma, utakuwa umetumia saa moja na nusu kwa juma. Na kwa majuma 27, saa arobaini na nusu. Mabwana na Mabibi, hizo ni karibu sawa na saa ambazo mtu hufanya kazi katika juma moja bandarini. Kazi ya juma moja, iliyogawanywa vipande vidogo vidogo, ndiyo bei ya kusoma kwa mtoto maisha yake yote. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuna hatari moja ambayo lazima tuionye. Mtoto ni hodari wa kukariri, naye aweza kuimba ba, be, bi, bo, bu bila ya kutazama. Usidanganyike. Changanya kadi zako; muulize bo kabla ya ba, na bu kabla ya be. Funika neno la kwanza umwonyeshe la tatu. Mwandikie neno lisilo na maana, kama "moki" au "tule-sa"; akilisoma sawasawa, jua kwamba anasoma hasa, maana neno hilo hajapata kulisikia popote.

Tena sauti peke yake haitoshi. Kuna watoto wasomao ukurasa mzima kwa sauti nzuri, na ukiwauliza wamesoma nini, hawana jibu. Kwa hiyo kila asomapo mtoto, muulize: Nani amelala? Wapi? Kwa nini? Tena msimulie hadithi. Bibi zetu walisema paukwa, nasi tukajibu pakawa, na katika hadithi na vitendawili vyao tukapata maneno mengi ambayo baadaye tuliyakuta vitabuni kama rafiki wa zamani. Mtoto mwenye maneno mengi masikioni hutambua upesi neno alisomalo. Asiye nayo, hata akilitamka, hubaki kama mtu aliyegonga nyumba asiyomjua mwenyewe.

Yafaa pia tuseme juu ya lugha ya nyumbani, kwa kuwa Shimanzi ni mtaa wa watu wa kila namna. Mtoto wa Kimvita husema ndia, na kitabu husema njia. Husema nti, na kitabu husema nchi. Husema mato, na kitabu husema macho. Asiambiwe kwamba asema vibaya. Kimvita ni lugha ya mashairi makubwa, na waliokitunga hawakuomba ruhusa ya kitabu cha darasa la kwanza. Mwambie tu, "Sisi nyumbani twasema ndia, na kitabuni huandikwa njia," naye atazichukua zote mbili bila taabu. Wenzetu wengine hutoka katika lugha zisizotenga r na l, au zisizo na sauti ya sh. Mtoto wa namna hiyo asichekwe mbele ya wenzake. Mpe maneno mawili ayapime kwa sikio, kama kura na kula, au shamba na samba, akayasikia tofauti yake kabla ya kudaiwa kuyatamka.

Sasa tujibu visingizio. Wa kwanza ni wa mtu wa zamu: "Mimi hurudi usiku, mtoto amelala." Kazi ya bandari na ya maghala haina saa, twajua. Lakini robo saa si lazima iwe ya baba. Yaweza kuwa ya mama, ya shangazi, au ya dada aliye darasa la sita. Na yule dada, akimfundisha mdogo wake, husoma vizuri zaidi yeye mwenyewe. Wa pili ni wa mzazi asiyejua kusoma: "Nitafundishaje nisichokijua?" Huyo aketi pamoja na mtoto ajifunze. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania, wazee wenye mvi waliingia madarasani wakashika kalamu. Hakuna aibu kujifunza; aibu ni kuuziwa kiwanja chako kwa karatasi usiyoisoma. Wa tatu ni wa fedha. Twasema wazi ya kuwa kadi za sanduku hazina bei, vizibo vya soda vyaweza kuandikwa silabi, pakiti ya unga ina maneno, na basi lipitalo barabarani lina maneno: Likoni, Kongowea, Magongo. Mji mzima wa Mombasa ni kitabu kilichofunguliwa, ila wengi wa watoto wetu hupita juu yake kama mtu apitaye juu ya mkeka wa jirani.

Mambo mawili ya mwisho kabla ya kushuka. Kwanza, fimbo isiingie katika somo hili. Mtoto apigwaye kwa ajili ya herufi huichukia herufi, na chuki hiyo hudumu. Akichoka, acha, akikosa, mrudishe nyuma hatua moja mpaka mahali alipokuwa na hakika, kisha aendelee. Pili, mtoto akikaa miezi mingi bila ya kusonga, na hali mafundisho yafanywa sawasawa, usimwite mzembe. Huenda macho yake hayaoni vizuri, au sikio lake limeziba. Mpeleke hospitali apimwe. Wengi walioitwa wapumbavu walikuwa hawaoni ubao tu.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, twaomba kuliwekea mkutano huu mambo matatu ulifikirie. La kwanza, kila mwanachama mwenye mtoto wa miaka minne hata saba aahidi robo saa kila siku nyumbani mwake, kwa muda wa miezi sita. La pili, Chama kiwe na sanduku moja la vitabu vyepesi vya Kiswahili, vitakavyoazimwa kwa daftari na kurudishwa, kwa sababu mtoto aliyejua kusoma na kukosa cha kusoma ni kama aliyefundishwa kupika katika nyumba isiyo na jiko. La tatu, vijana wetu waliomaliza shule wakubali, jioni mbili katika juma, kuwasikiliza watoto ambao wazazi wao hawana nafasi au hawajui kusoma. Sisi wenyewe tumekwisha andika majina yetu katika orodha hiyo, nayo iko mezani kwa Mwandishi wa Chama. Kalamu ipo juu yake.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Twamtakia kila mtoto wa Shimanzi siku ile atakaposoma kwa kinywa chake mwenyewe jina la mtaa aliozaliwa.